Kilo moja na nusu nilizozitua: miezi 11 na ThinkPad X1 Carbon kati ya Lubumbashi na Kolwezi

Mama anayeuza samaki wa baridi karibu na kwetu Katuba aliitazama kompyuta, akanitazama mimi, kisha akauliza: "Mama, na hii nayo unaiuza kwa kilo?" Nilikuwa nimemwomba mizani yake kwa dakika tano. Aliifuta vizuri, nikatandika mfuko wa plastiki, tukapima. Mashine yangu ya zamani, ya inchi 15.6: kilo 2 na gramu 450. Chaja yake, ile yenye tofali katikati ya waya: zaidi ya nusu kilo. Nikaongeza adapta ya plagi, mausi, waya wa ziada na daftari. Kilo 3 na nusu. "Hizo ni tomson, samaki wa kula nyumbani kwangu, siku mbili," akasema, akacheka.

Mimi ninashika vitabu vya hesabu vya maduka ya dawa na madepo madogo. Mawili yako Likasi, moja Kolwezi, moja Kasumbalesa, mengine hapa hapa mjini. Basini begi linakaa mapajani, maana hakuna mwenye akili anayeacha kompyuta ifungwe juu pamoja na magunia ya makala, yaani mkaa. Kutoka hapa mpaka Kolwezi ni kilometa 300 hivi. Ukishuka, magoti yamekufa ganzi, na bado unatafuta pikipiki.

Kwa hiyo nilipoanza kutafuta kompyuta nyepesi sikuangalia uzito wa mashine peke yake. Nilitaka kujua begi zima litakuwa na uzito gani. Watu wengi wanakosea hapo. Mtu ananunua mashine ya kilo moja na robo, halafu betri inakufa baada ya saa moja, na kwa sababu kwetu umeme unakatika bila kuaga, anaanza kubeba chaja, pawabanki kubwa, waya wa mita tatu. Begi linarudi kulekule.

Duka la mjini lilikuwa limejaa mashine zilizotumika. Nyingi zinatoka Bulaya, nyingine zinaingia kupitia Dubai au upande wa Zambia. Kijana wa duka alinisifia moja: "Yaya, hii ni Core i7!" Ndiyo, lakini i7 ya lini? Hilo nilikuwa nimejifunza kabla ya kwenda. Kwenye jina la prosesa ya Intel ya miaka ile, tarakimu inayofuata kistari ndiyo inayotaja kizazi. i7-6600U ni kizazi cha sita, i5-8350U ni cha nane. Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane, ukiacha chache za kabla yake. Na Windows 10 iliachwa bila masasisho ya kawaida tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mtu anayetembea na hesabu za watu wengine, hiyo i7 yenye stika inayong'aa haina faida kuliko i5 ya miaka miwili baadaye.

Nikabaki na mbili mezani: MacBook Air ya M1 na ThinkPad X1 Carbon ya kizazi cha sita, ile ya mwaka 2018.

MacBook niliitamani, sitaficha. Haina feni kabisa, na hilo kwa Lubumbashi ni jambo kubwa. Anayejua vumbi letu jekundu la kiangazi, kuanzia Mei mpaka mvua zirudi, anajua linavyoingia kwenye feni na kuganda kama ugali wa jana. Mashine yangu ya kwanza ilikufa hivyo, ikinguruma kama grupu (jenereta) ya jirani. Binamu yangu anayo hiyo Air na betri yake inanitia wivu mpaka leo. Lakini ina matundu mawili tu ya USB-C, yale madogo, na wateja wangu wananipa kila kitu kwenye flashi za kawaida. Ningehitaji adapta, na adapta ni kitu cha kwanza kusahaulika Likasi. Bei nayo ilikaribia mara mbili. Uzito wake kilo 1.29. X1 Carbon ni kilo 1.13, skrini ya inchi 14, ina matundu mawili ya USB ya kawaida, HDMI ya kuunganisha skrini ya nje, na mawili ya USB-C yanayopokea umeme.

Kabla ya kutoa pesa nilifanya mambo matatu, na kijana wa duka alikuwa ananitazama kama mkaguzi wa kodi. Niliizima, nikaiwasha nikibonyeza F1, kuona kama kuna neno la siri la kampuni iliyoitumia zamani. Ukikuta neno la siri pale, rudisha mashine mezani na uage kwa heshima. Pili, nikafungua dirisha la amri, nikaandika powercfg /batteryreport. Inakutolea ripoti yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Kiwandani ni Wh 57 (Wh ni kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi). Hiyo ilibakiwa na 46. Kwa mashine ya umri ule, nilikubali. Tatu, nikaandika barua nzima kwa Kifaransa kuijaribu klavye, yaani kibodi.

Klavye ilikuwa AZERTY, mpangilio wa herufi wa Kifaransa, nikafurahi, kumbe ni ya Ubelgiji. Ile alama ya barua pepe kwenye AZERTY ya Ufaransa iko kwenye kitufe cha sifuri, kwenye ya Ubelgiji iko kwenye cha mbili. Nilikaa wiki mbili nikiandika anwani za ajabu. Lakini vidole vinazoea, na tukiacha hilo, sijawahi kuandikia klavye tamu kama hii.

Nililipa dola 340 baada ya kubishana, na noti moja ya ishirini ilikataliwa kwa kupasuka kidogo pembeni, kama kawaida yetu.

Sasa umeme, maana hapa ndipo mashine inapojulikana. Siku ya kazi ya kweli, Excel mafaili matatu, mwanga wa skrini umeshushwa, intaneti ya simu ikiwaka na kuzimwa, napata saa tano na zaidi kidogo. Ya zamani ilinipa saa moja na dakika ishirini. Huko Kasumbalesa nimewahi kumaliza hesabu ya mwezi mzima nje chini ya mwembe, ndani kukiwa giza. Skrini yake haing'ai kama kioo, kwa hiyo kivulini unasoma. Juani kabisa, hapana.

Chaja yake ni ya USB-C, wati 65, na hii ndiyo iliyoniondolea mzigo zaidi. Chaja hiyohiyo inalisha simu yangu. Na ikisahaulika, nyingine yoyote ya aina hiyo inafaa, sihitaji tena ile adapta ya plagi ya pini tatu iliyokuja na mashine ya zamani na kupata moto kila usiku.

Kosa langu lilikuwa pawabanki. Nilinunua ya simu, kubwa, nzito, nikaichomeka: kimya. Inatoa volti 5 tu, wakati kompyuta hii inataka volti 20. Ya pili nikatafuta iliyoandikwa PD (Power Delivery, njia ya USB-C ya kutoa umeme mkubwa) na yenye volti 20 kwenye orodha ya nyuma, mAh 20,000. Hiyo ni Wh 74 hivi, na kwa kuwa nyingine zinapotea njiani, inaijaza betri yangu karibu mara moja. Ndegeni kikomo cha kawaida ni Wh 100, basi kwenda nayo Kinshasa si shida, mradi ikae kwenye begi la mkononi.

Kinachoniudhi? Memori. Imechomelewa kwenye ubao, huwezi kuongeza. Mimi nilichukua ya GB 8 kwa sababu ya bei, na nikifungua kivinjari pamoja na programu ya hesabu ya duka la dawa, mashine inaanza kufikiri sana. Tafuta ya GB 16 hata kama ni wiki tatu zaidi za kusubiri. Diski ndiyo unaweza kubadilisha. Pia nyuma kuna kijidroo cha laini ya simu, nikadhani nimepata intaneti ya bure ya kutembea nayo. Ndani hakukuwa na kadi ya modemu. Nyingi za hizi ziliuzwa bila hiyo, uliza kwanza.

Feni inapiga kelele watoto wakicheza video jioni. Kila mwezi wa kiangazi naisafisha kwa brashi laini ya rangi, na sijaiweka kitandani juu ya blanketi hata siku moja, kwa kuwa inavuta hewa kwa chini. Nyumbani nimeiwekea kikomo cha kuchaji asilimia 80. Siku ya safari natoa kikomo.

Juzi nilirudi kwa mama wa samaki na begi jipya: mashine, chaja, pawabanki, daftari. Kilo moja na gramu 950. Akaniambia nimepunjwa.