Ringi za sponji za wufa (spika ya besi), kwa hali ya hewa ya Malindi zafaa?

Wenye spika za zamani huku pwani mwaijua hii: besi yaanza kukwaruza, ukivua kitambaa cha mbele wakuta ule mduara wa sponji unaoshika koni (ile sehemu ya katikati inayotikisika) ushakuwa ungaunga, ukiugusa wabaki na kitu cheusi chanata kidoleni. Koili (ule waya uliozungushwa nyuma ya koni) nzima, sumaku nzima, ni sponji tu imeoza kwa joto na unyevu. Kwa kawaida hukaa miaka 10 hadi 20, huku kwetu kandokando ya bahari sidhani.

Basi nikaagiza seti Nairobi ikaja na basi, ringi mbili za inchi 8 na kichupa cha gundi nyeupe. Ringi zenyewe safi, laini, kingo zimekatwa sawa. Ila muuzaji kaandika "inchi 8" akanyamaza, na inchi 8 hiyo ni ya fremu bana, koni zatofautiana, so mwambie akupe vipimo vya milimita vya ndani na nje kabla hujatuma pesa.

Gundi ndo nimeipenda. Ni ya maji, yakauka haionekani, na yakupa nafasi ya kusogeza ringi kabla haijashika. Super glue achana nayo, yashika papo hapo tena yakauka ngumu kama kucha. Silikoni pia la, ni nzito na ile yenye harufu ya siki yaweza kula shaba.

Kazi ngumu ni kutoa gundi ya zamani, spiriti na kitambaa pole pole, koni ya karatasi usiiloweshe. Bandika kwenye koni kwanza, ikauke, ndo uje kwenye fremu, hapo sasa sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, ishuke ipande kimya, ukisikia mkwaruzo ujue koili yagusa sumaku, sogeza kidogo usikilize tena. Vile vipande vya kushikilia koili katikati hawakuweka, ubahili tu.

Na wale wa "paka mafuta ya nazi itapona", sponji ikishaanza kumeguka haina dawa jamani. Dawa za kupaka ni za spika zenye kingo za kitambaa. Mpira nao wadumu kuliko sponji lakini ni mzito, besi yabadilika, mie kama ilikuja na sponji narudisha sponji.

Nyota 4. Bei haifiki hata nusu ya wufa mpya, na besi imerudi mpaka jirani kauliza nimenunua redio gani.