Windows 11: kuhama sasa au kubaki na Windows 10?

Windows 10 bado inawaka, inachapisha na kufungua Excel kama jana. Lakini masasisho yake ya bure ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta inayoingia intaneti bila masasisho ya usalama ni mlango usio na komeo. Kwa kompyuta hiyo, Windows 11 inastahili kazi ya kuhama. Ile ya stoo isiyounganishwa na mtandao, iacheni ilivyo.

Kwanza bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc ili kukagua TPM, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai. Linatakiwa toleo 2.0, ukiambiwa haipo, mara nyingi imezimwa tu kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta (Intel huiita PTT, AMD fTPM). Prosesa ya Intel iwe kwa kawaida kizazi cha 8 au zaidi. Rasmi RAM ya GB 4 inatosha, ila kwa kweli inakuwa nzito mno: chini ya GB 8 na bila SSD (diski ya kisasa yenye kasi), hatushauri.

Kinachokwama sana ni printa na skana za zamani zisizo na drayva mpya (programu ya kuziendesha), kwa hiyo zikague mapema. Nakili mafaili kwenye diski ya nje, hifadhi ufunguo wa BitLocker, unaofungua diski iliyofungwa kwa usimbaji. Ukijuta, una siku 10 za kurudi, mradi hujafuta folda ya Windows.old, inayotunza Windows yako ya awali.

Mashine isiyokidhi vigezo? Iandikishe kwenye ESU, mpango wa Microsoft wa kurefusha ulinzi wa Windows 10, unaotoa masasisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani hadi 13 Oktoba 2026.