Saa 30 za bure na akaunti ya malezi Uingereza: pesa ipo, kazi iko kwenye tarehe

Msaada wa serikali ya Uingereza kwa ada za nasari una thamani kubwa kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Wanaoukosa, mara nyingi hawakosi vigezo. Wanapitwa na tarehe. Kwa hiyo tathmini hii itakaa zaidi kwenye kalenda, maana hapo ndipo huduma inapowaangusha watu.

Maombi yanafanyika GOV.UK, tovuti ya serikali. Fomu ni moja, nayo inafungua milango miwili: saa za bure kwa wazazi wanaofanya kazi, ambazo ni za England tu, na Tax-Free Childcare, akaunti ya kulipia malezi ambayo serikali huiongezea pesa, inayotumika Uingereza nzima. Kujaza ni kama dakika 20, ukiwa na namba yako ya National Insurance (bima ya taifa) na ya mwenzi wako. Majibu huweza kuja papo hapo au baada ya siku 7. Fomu yenyewe imeandikwa vizuri na haimchoshi mtu.

Kigezo kikuu ni kipato. Kila mzazi atarajie kupata, ndani ya miezi 3 ijayo, angalau sawa na saa 16 kwa wiki za kima cha chini cha mshahara. Kwa viwango vya Aprili 2025, mwenye miaka 21 na zaidi alihitaji pauni 2,539 kwa miezi hiyo mitatu. Kiwango hupanda kila Aprili, kwa hiyo piga hesabu upya. Aliyejiajiri hapimwi kwa kiwango hicho katika miezi 12 ya kwanza ya biashara. Juu kuna ukuta: mzazi mmoja akivuka pauni 100,000 kwa mwaka, familia nzima inatoka. Wawili wenye pauni 99,000 kila mmoja wanabaki ndani, lakini mwenye 101,000 aliyeoana na mwenye 15,000 wanakosa. Huo si uadilifu, na tunausema wazi. Anayekaribia ukuta huo aangalie michango yake ya pensheni, kwani inapunguza kipato kinachohesabiwa.

Sasa saa zenyewe. Tangu Septemba 2025, mtoto wa miezi 9 hadi anapoanza shule anapata saa 30 kwa wiki. Soma maandishi madogo: ni kwa wiki 38 za mwaka, yaani saa 1,140. Nasari inayofungua mwaka mzima hutandaza saa hizo kwenye wiki 52, na zinabaki karibu 22 kwa wiki. Kama siku ya nasari ni saa 10, hizo ni siku mbili na kidogo. Mzazi anayefanya kazi siku tano asipange bajeti kana kwamba bili imekwisha.

Saa hazianzi siku mtoto anapotimiza miezi 9. Zinaanza muhula unaofuata: 1 Septemba, 1 Januari au 1 Aprili. Aliyezaliwa 30 Novemba anatimiza miezi 9 tarehe 30 Agosti na anaanza Septemba. Aliyezaliwa 10 Desemba anasubiri hadi Januari. Siku kumi zinagharimu miezi minne ya ada kamili, na hakuna wa kumlilia.

Ukikubaliwa unapewa msimbo wa tarakimu 11 wa kupeleka nasari. Lazima uwe nao kabla muhula haujaanza: mwisho ni 31 Agosti, 31 Desemba na 31 Machi. Msimbo ukitoka 1 Septemba, mtoto anangoja hadi Januari hata kama nafasi yake ipo. Unaweza kuomba tangu mtoto akiwa na wiki 23, lakini kuwahi mno kuna mtego wake. Kila miezi 3 unatakiwa kuingia kwenye akaunti na kuthibitisha kwamba hali yako haijabadilika. Aliyeomba katikati ya Mei atatakiwa kuthibitisha katikati ya Agosti, kabla mtoto hajaanza. Asipofanya hivyo, msimbo unakufa mkononi. Mtoto aliyekwisha kuanza hupewa muda wa ziada, ila ambaye bado hajaanza hawezi kuanza ndani ya muda huo. Dirisha la kuthibitisha hufunguka wiki 4 kabla ya mwisho wake. Weka kengele kwenye simu siku linapofunguka, usitegemee ujumbe wa kukumbushwa peke yake. Kuwasumbua wazazi wa watoto wachanga mara nne kwa mwaka kwa jambo ambalo kwa wengi halijabadilika ndiyo kasoro kubwa kuliko zote katika huduma hii.

Akaunti ya Tax-Free Childcare ni rahisi zaidi. Unaweka pauni 8, serikali inaongeza 2. Kikomo cha nyongeza ni pauni 500 kwa kila miezi 3 kwa mtoto mmoja, au 1,000 kwa mtoto mwenye ulemavu. Ukiigawa kwa mwezi, nyongeza inafika mwisho kwenye bili ya pauni 833 hivi. Zaidi ya hapo unalipa mwenyewe. Nyongeza ambayo hukuitumia haiingii robo inayofuata, kwa hiyo ukijua mwezi ujao una bili kubwa ya likizo, weka pesa mapema. Ukizitoa kwa matumizi yako, serikali inachukua sehemu yake. Akaunti hii inalipa salio lililobaki baada ya saa za bure, na hapo ndipo inapofaa hasa.

Pesa zake zinakwenda kwa mlezi aliyesajiliwa tu, na awe amejiunga na mpango. Bibi anayemlea mjukuu nyumbani kwenu halipwi humo.

Anayepokea Universal Credit, msaada wa serikali kwa wenye kipato cha chini, asikimbilie akaunti hii. Huwezi kuwa na zote mbili, na kwa kipato cha chini Universal Credit mara nyingi inazidi: hurudisha hadi asilimia 85 ya gharama. Bili ya pauni 800 ingekupa 160 kwenye akaunti, lakini hadi 680 huko, kabla ya makato yanayotokana na mshahara. Ugumu ni kwamba kwa kawaida unalipa kwanza, ndipo unarudishiwa. Unapoanza kazi, mwombe mshauri wako wa kazi msaada wa malipo ya kwanza. Upo, ila lazima uuombe. Saa 30 unaweza kuzipata pamoja na Universal Credit.

Kwenye bili ya nasari, angalia mstari wa chakula, nepi na shughuli. Kwa saa za bure, nasari hairuhusiwi kufanya malipo hayo kuwa sharti la kupata nafasi, na inatakiwa kuyaonyesha moja moja. Ukiona jumla moja isiyo na maelezo, omba mchanganuo kwa maandishi. Wasipotoa, nenda halmashauri.

Kwa familia ambazo viza yao inazuia misaada ya umma, mlango haujafungwa wote. Saa 15 za watoto wa miaka 3 na 4 England ni za kila mtoto, bila kuuliza kazi wala viza. Unazungumza na nasari moja kwa moja. Kwa mwenye miaka 2, familia zenye zuio hilo zinaweza kupata saa 15 kupitia halmashauri kama kipato ni kidogo: kwa mtoto mmoja, kisizidi pauni 26,500 nje ya London au 34,500 ndani yake, na akiba isizidi 16,000. Ofisi ya mapokezi ikikwambia viza yako hairuhusu, omba kuongea na kitengo cha huduma za familia cha halmashauri hiyo hiyo.