Mbegu, mafuta au vidonge vya kitani: ununue kipi?

Kitani si katani. Katani ni ile ya kamba, ya mashamba ya Tanga. Kitani ndiyo yenye mbegu ndogo za kahawia zinazong'aa, ambazo kwenye pakiti huandikwa "flaxseed". Watu huzinunua kwa ajili ya omega-3 (mafuta ambayo mwili hauwezi kujitengenezea) aina ya ALA, ile inayotoka kwenye mimea.

Kama hela yako inatosha kitu kimoja tu, chukua mbegu. Kijiko kikubwa cha mbegu zilizosagwa kina takriban gramu 1.6 za ALA, kiasi kinachomtosha mwanamume kwa siku. Mwanamke anahitaji 1.1. Humo mna nyuzinyuzi pia, ambazo kwenye mafuta hazimo kabisa, na ushahidi wa kushusha lehemu (kolesteroli) kwenye damu umeonekana zaidi kwa mbegu kuliko kwa mafuta. Zisage kidogo kidogo kwenye blenda kavu, kisha koroga kwenye uji. Ukizimeza nzima zitatoka kama zilivyoingia. Na maji unywe ya kutosha, kwa sababu zikilowa hutoa ute na kuvimba. Ukizila kavukavu zinaweza kukuziba utumbo.

Nafasi ya pili ni mafuta ya chupa. Kijiko kikubwa kina gramu 7 hivi za ALA, lakini huchacha upesi mno. Tafuta chupa ndogo, nyeusi, iliyokamuliwa bila moto, na uitunze kwenye friji. Ukifungua, nusa: yakinuka kama rangi ya kupaka mbao, mwaga. Usiyakaangie, yatie kwenye kachumbari.

Vidonge naviweka mwisho. Kimoja cha miligramu 1,000 kina nusu gramu tu ya ALA, kwa hiyo kijiko kimoja cha mafuta ni sawa na vidonge 14. Piga hesabu ya bei hapo hapo dukani.

Tena, mwili hugeuza sehemu ndogo tu ya ALA kuwa EPA na DHA, zile omega-3 za samaki. Hizo unazipata moja kwa moja kwenye dagaa.

Anayetumia warfarin au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, anayesubiri upasuaji, na mjamzito, tafadhali waongee na daktari kwanza. Dozi kubwa huharisha.

Yale mafuta ya kitani ya maduka ya vifaa vya ujenzi, ya kung'arisha milango, huwa yametiwa kemikali za kuyakausha. Hayo ni sumu; usiyanywe hata tone.