Kava ya siti ya pikipiki ndefu: ununue ipi kama unafunga mwenyewe nyumbani

Wakuu, hii ni kwa wenye pikipiki ndefu za porini, Honda XL 125, Yamaha DT 125 na jamii hizo, sisi tunaozunguka vijiji vya Bahi, Chamwino na Mpwapwa. Mi kava nishabadilisha mara tatu hapa uani, na kinachoua siti Dodoma ni jua na vumbi miezi yote ya kiangazi, leza (ile ngozi bandia ya kava) inakauka inapasuka, halafu mvua za Desemba zikianza maji yanapita kwenye ufa yanajaa kwenye sponji.

Namba moja kwangu ni kava iliyokatwa kwa modeli yako na juu unapokalia haina mshono kabisa. Hapa naomba mnielewe vizuri, maana niliwahi kununua yenye nyuzi nyekundu katikati, nzuri balaa, mvua moja tu njia ya Bahi, nafika nyumbani nabonyeza siti kwa kidole gumba naona maji yanachuruzika kwenye matundu ya sindano moja baada ya jingine kama mstari wa jasho. Siku nne nzima nakaa kwenye ubichi. Mshono ukiwepo uwe pembeni. Ukiwa dukani geuza kava uangalie mgongo wake, kama kuna kitambaa kinachovutika hiyo itakaa vizuri kwenye kona, kama nyuma ni plastiki tupu achana nayo, itakunja mikunjo mbele kwenye tenki na jua litaipasua hapohapo. Kuhusu ile leza yenye vipele ya kuzuia kuteleza, chukua yenye vipele katikati tu. Milima ya Mpwapwa unaipanda bila kurudi nyuma, lakini siti yote ikiwa vipele na wewe unakaa kutwa, mapaja yatakwambia na suruali haidumu.

Namba mbili ni kushonewa na fundi siti halafu unafunga mwenyewe. Muulize bodaboda wa kijiweni kwako, wanawajua wazuri. Ile kava ya zamani usitupe, ndo kipimo chake. Mwambie ashone mara mbili na mishono iwe pembeni. Ingekuwa namba moja kama kila fundi angesikiliza, shida wengi wanapenda mapambo.

Tatu, siti nzima. Ndo ghali kuliko zote, nunua tu kama kitako (ule msingi mgumu wa chini ya siti) kimevunjika au sponji imekatika vipande. Sponji iliyobonyea kidogo tu inajazwa.

Mwisho kabisa zile za kuvalisha zenye lastiki. Kupunguza joto pikipiki ikiwa juani sawa, ila mlimani inatembea chini yako na vumbi linakaa katikati linasaga leza kama msasa. Mi sinunui tena.

Kabla hujalipa geuza siti yako uangalie kitako, kama ni cha plastiki unahitaji bunduki ya stepula (ile ya ofisini haifai), kama ni cha bati chenye meno unanasa kava kwenye meno na kuongezea gundi ya viatu. Pini za stepula chukua fupi, mm 6, na zisizoshika kutu kama utazipata. Mi niliweka za mm 10 nikidhani ndefu ndo imara, pembeni ambako sponji ni nyembamba ncha zikatokeza zikanichania suruali.

Kufunga kwenyewe: ng'oa pini za zamani kwa bisibisi bapa na plaizi, anika sponji mpaka ikauke ndani kabisa, tandaza nailoni juu yake, na kava yenyewe iache juani nusu saa ilainike, jua la saa saba linatosha. Piga pini mbele kwanza, vuta nyuma upige, halafu pembeni kushoto moja kulia moja, ukimaliza upande mmoja wote kwanza lazima ipinde. Ukiona mkunjo ng'oa pini palepale urudie, usiseme itanyooka yenyewe ukikalia. Kava iliyozidi pembeni usiikate mpaka uendeshe pikipiki siku mbili, mana ikilegea utahitaji pa kushika.