Matone Manane na Dakika Tano: Tathmini ya Seti ya API ya Kupimia Maji ya Tangi la Samaki

Seti hii ya kampuni ya API, ambayo jina lake kamili ni API Freshwater Master Test Kit, niliinunua kwa fedha iliyozidi thamani ya samaki wangu wote kwa pamoja, na kwa miezi mitatu ya mwanzo ilikaa juu ya kabati pasipo kufunguliwa, kila niionapo ikinikumbusha ubadhirifu wangu. Tathmini hii naiandika kwa sababu ya siku mbili za mwezi Machi, hapa Dar es Salaam, ambapo iliacha kuwa pambo la kabati. Sitaipima kwa uzuri wa kasha lake, bali kwa swali moja tu: mtu ambaye maji ya tangi lake yameharibika, na samaki wanatweta mbele ya macho yake, inamsaidia kuamua nini?

Kwanza hali ya tangi lenyewe, kwa sababu kosa lilianzia hapo na lilikuwa langu. Ni tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, yaani lita 54 kwa hesabu ya karatasi, ila ukitoa changarawe na nafasi iliyoachwa juu hubaki lita 48 hivi za maji. Nilianza na gapi sita, wale samaki wadogo wa mapambo. Gapi huzaa watoto hai kila baada ya wiki nne hivi, na jike akishapandwa huweza kuhifadhi mbegu za dume na kuendelea kuzaa hata dume asipokuwepo, kwa hiyo kumtenga dume, kama nilivyofanya mimi kwa kujiona mjanja, hakukusaidia lolote. Kufikia Machi nilihesabu gapi 41, na juu yao samaki wa dhahabu wawili ambao binti yangu aliwalilia dukani mpaka nikakubali, ingawa samaki wa dhahabu mmoja huchafua maji kuliko kundi zima la gapi. Tangi lilikuwa limejaa kama daladala ya saa kumi na mbili jioni. Isitoshe, kwa wiki nyingi nilikuwa naongeza tu maji yaliyopungua kwa joto badala ya kuyatoa ya zamani na kuweka mapya.

Usiku mmoja umeme ulikatika hadi alfajiri, na asubuhi nilikuta kichujio kinanuka. Nikafanya jambo ambalo kila mgeni wa kazi hii hulifanya: nikaitoa sponji, nikaiweka chini ya bomba na kuikamua mpaka maji yakatoka meupe. Bakteria wanaosafisha maji ya tangi huishi hasa kwenye sponji hiyo, si kwenye maji yenyewe, na maji ya bomba yana klorini iliyowekwa kwa ajili ya kuua bakteria. Wale waliookoka usiku usio na hewa niliwamaliza mwenyewe asubuhi. Siku ya pili yake, saa kumi na moja alfajiri, gapi wote walikuwa juu, midomo ikigusa hewa, na watatu walikuwa wamekwisha kufa. Nilimpigia simu muuzaji ninayemzoea, naye akanijibu bila kuuliza swali hata moja: "Kaka, hao wana fangasi. Tia dawa ya bluu, matone kumi, kesho wamepona." Dawa ya bluu ninayo. Nilikuwa nimeishika mkononi nilipoikumbuka seti.

Ndani ya kasha mna chupa saba ndogo za vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, mirija minne ya kioo yenye vifuniko, kadi ya rangi na kijitabu cha maelekezo ambacho hakina Kiswahili. Inapima mambo manne: amonia, ambayo ni sumu itokanayo na uchafu wa samaki, nitriti na nitrati, ambazo bakteria huzitengeneza kutokana na amonia hiyo, na pH, yaani kiwango cha asidi au alkali ya maji, na hiyo pH ina chupa mbili, moja ya maji ya kawaida na nyingine ya maji yenye alkali nyingi. Kasha linaahidi vipimo zaidi ya 800. Vifuniko vya chupa vimetengenezwa ili mtoto asiweze kuvifungua, kwa hiyo ni lazima ukandamize ndipo uzungushe. Alfajiri ile, mikono ikiwa imelowa, mtu mzima naye alishindwa mara mbili.

Amonia ndiyo nilianza nayo. Unajaza mrija hadi mstari wa mililita 5, unatia matone manane kutoka chupa ya kwanza na manane kutoka ya pili, unaziba kwa kifuniko, wala si kwa kidole, unatikisa kwa sekunde tano, kisha unasubiri dakika tano. Chupa ishikwe wima kabisa, kwa sababu ukiilaza matone hayalingani na kipimo kinakudanganya. Maji safi hubaki na rangi ya njano ya ndimu iliyoiva. Ya kwangu yalianza kugeuka kijani kabla hata sijauweka mrija mezani, na dakika tano zilipokwisha yalikuwa kijani kibichi cha mgomba, ambacho kwenye kadi ni miligramu 4 kwa lita. Nitriti, ambayo huhitaji matone matano tu na ambayo ikiwa sifuri hubaki buluu kama anga, ilitoka zambarau ya 2. Nitrati iliangukia kwenye yale mekundu ya 80 na 160 ambayo, niseme kweli, jicho langu haliwezi kuyatofautisha.

Hadi hapo mtu yeyote angesema: badilisha nusu ya maji mara moja. Nami ningefanya hivyo, na nadhani ningewaua wengi zaidi, kama nisingepima pH pia. Maji ya tangi yalitoka 6.4. Nikapima na maji ya bomba, nayo yakatoka 7.8. Katika tofauti hiyo ndipo nilipopata faida ya seti hii, na sijaona mtu wa dukani akiieleza.

Kipimo cha amonia hujumlisha aina mbili za amonia: ile yenye sumu kali inayopenya matamvua ya samaki, yaani viungo vyao vya kupumulia, na ile iliyofungwa ambayo sumu yake ni ndogo sana. Mgawanyo wa aina hizo mbili hutegemea pH na joto la maji. Bakteria wanapoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo wenzao huigeuza kuwa nitrati, hula alkali iliyomo kwenye maji, hivyo tangi lililojaa samaki na lisilobadilishwa maji pH yake hushuka polepole bila mwenyewe kujua. Katika 6.4 karibu amonia yote huwa ile iliyofungwa. Ukimwaga ghafla maji mengi ya 7.8, jumla inapungua kwa nusu, lakini kwa joto la nyuzi 28, kama lilivyo la nyumba zetu mwezi Machi, sehemu yenye sumu huweza kuongezeka zaidi ya mara 20 pH ikifika huko. Mtu anaona ametoa uchafu, kumbe ameufungulia mlango. Nashuku kwamba samaki wengi ambao husemwa wamekufa kwa "mshtuko wa maji mapya" huuawa na hesabu hii.

Basi maana ya vipimo vile ilikuwa hii: amonia, ingawa ilitisha kwa rangi, haikuwa ndiyo iliyowafanya samaki watwete alfajiri ile. Aliyekuwa akiwaua ni nitriti, ambayo huingia kwenye damu na kuizuia isibebe oksijeni, tena katika maji ya joto ambayo kwa asili hushika oksijeni kidogo. Dawa ya bluu ingeweza kuwamaliza bakteria wachache waliobaki. Nikairudisha kabatini.

Nilichofanya kilikuwa cha kawaida na cha bei nafuu. Niliwahamishia samaki wa dhahabu kwenye beseni kubwa lenye maji yaliyochanganywa kidogo kidogo. Nikawasha pampu ya pili ya hewa. Nikayeyusha vijiko viwili vya chai vya chumvi ya kawaida, takriban gramu 12, kwenye kikombe cha maji na kuimimina taratibu, kwa sababu kloridi ya chumvi hushindana na nitriti kwenye matamvua na kuizuia isiingie; gapi huvumilia chumvi vizuri kabisa, ila mwenye samaki wa aina nyingine na aulize kwanza. Chakula nilikisimamisha. Kisha nikaanza kutoa lita tano na kurudisha lita tano zilizotiwa dawa ya kuondoa klorini, kila baada ya saa mbili, mara sita kwa siku, nikipima pH kila nilipobadilisha na amonia kila baada ya mara mbili. Jioni amonia ilikuwa 2, nitriti 1, na pH imepanda hadi 6.8 tu. Samaki walikuwa wameshuka katikati ya tangi.

Ni katika kurudiarudia huku ndipo matone yanapoyashinda makaratasi ya kuchovya ambayo maduka yetu hupenda kuuza. Karatasi ni rahisi na hutoa jibu kwa dakika moja, lakini nyingi za aina ya tano kwa moja hazina amonia kabisa, yaani zinakosa jambo la kwanza ambalo mtu mwenye dharura anahitaji kulijua. Kwa upande mwingine karatasi hizo hupima uwezo wa maji kuhimili asidi, kipimo ambacho seti ya API niliyonayo haina, na ambacho kingenionya wiki kadhaa mapema kwamba pH yangu ilikuwa inaelekea kuporomoka. Seti haipimi klorini pia. Kwa mtu wa mjini anayetumia maji ya bomba, au anayenunua maji ya boza bila kujua yametoka wapi, hayo ni mapengo mawili ya kweli.

Kipimo cha nitrati kinahitaji onyo la peke yake. Chupa yake ya pili ina kitu kinachotuama chini, na maelekezo yanataka uitikise kwa nguvu kwa sekunde 30 kabla ya kutia matone kumi, kisha utikise mrija kwa dakika nzima. Mtu asiyefanya hivyo hupata rangi ya njano na kufurahi bure. Mimi huigonga chupa hiyo mezani kwanza, ndipo naitikisa, na majirani wamekwisha kuzoea.

Rangi nazo zisomwe mchana, karibu na dirisha, mrija ukiwa umeegemezwa kwenye sehemu nyeupe ya kadi. Chini ya taa nyeupe za nyumbani tofauti kati ya 0 na 0.25 ya amonia haionekani, na katika tangi lililojaa tofauti hiyo ni muhimu. Vilevile, wanaotumia dawa za maji zinazodaiwa "kuifunga" amonia wajue kwamba kipimo kitaendelea kuonyesha kijani, kwa sababu kinajumlisha aina zote mbili. Dawa haijashindwa, ila usiongeze tena na tena kwa kuona rangi.

Kwa anayekusudia kununua, aangalie namba ya toleo iliyochapwa kwenye kila chupa. Tarakimu zake nne za mwisho huonyesha mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na chupa iliyokaa miaka mingi kwenye rafu yenye joto haifai kuaminiwa hata kama kasha linang'aa. Vitendanishi ni sumu: kilichopimwa kimwagwe, kisirudishwe tangini, na kasha likae mahali ambapo mtoto hafiki.

Siku ya pili niliendelea kwa mwendo uleule, na siku ya tano amonia ilisoma 0.5. Nitriti ilichelewa zaidi ya wiki mbili kufika sifuri, kwa kuwa bakteria wake hurudi polepole kuliko wenzao. Kwa jumla nilipoteza gapi saba. Samaki wa dhahabu walikwenda kwa rafiki mwenye bwawa la saruji uani, jambo lililoniletea siku mbili za kununiwa nyumbani, na gapi 22 niliwagawa kwa wanafunzi wa mtaani waliokuja na mitungi, ambao kila mmoja alipewa kwanza somo fupi kuhusu sponji. Wamebaki kumi na wawili.

Seti naipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano ingekuwa ya kipimo cha uwezo wa maji kuhimili asidi, ambacho nimelazimika kukinunua peke yake. Sasa napima kila Jumamosi asubuhi kabla ya chai, na juzi jike mmoja alikuwa na tumbo la pembe nne, dalili kwamba anakaribia kuzaa.