Duka la vitu vya kale mjini: fremu nzuri, nyota si ya babu

Watu wengi wanalisifia duka hili. Nami nililisikia likisifiwa, ndiyo maana nikaenda. Jina silitaji kwa kuwa shauri liko polisi, ila ni lile aina ya duka la katikati ya mji lenye sarafu za Kijerumani, saa za ukutani na nishani za vita kwenye kabati la kioo, na linatengeneza pia fremu.

Babu yangu mzaa baba, Selemani, alikuwa Keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika wa huku kwetu, batalioni ya 36 ya Tanganyika, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Walilipita bonde la Kabaw huko Burma kwenye mvua za 1944, na Desemba divisheni ikauvuka mto Chindwin pale Kalewa. Alirudi na nishani nne, mojawapo Nyota ya Burma, ya waliopigana huko. Tuliziweka miaka yote kwenye bati la biskuti, tepe zikaliwa na mende. Mwezi wa tano nikaona sasa ziende ukutani, wajukuu wazione.

Kazi ya fremu sina neno nayo. Mbao ya mninga, kioo safi, na tepe walizipatia sawasawa: ile ya Nyota ya Burma ina bluu nzito pembeni, nyekundu pana katikati, na mstari wa rangi ya chungwa ndani ya kila bluu. Nililipa shilingi 85,000, wiki mbili ikawa tayari. Kijana wa kaunta ana adabu, shikamoo haimpungui mdomoni.

Nimeitundika sebuleni Magomeni siku nne, kila nikipita macho yanarudi kwenye ile nyota. Herufi za duara la katikati, THE BURMA STAR, zilikuwa butu kama sabuni iliyokwisha kutumika. Nishani ya kweli hugongwa kwa mashine, kingo zake unazisikia kwa ukucha. Ya bandia humiminwa kwenye kalibu iliyochukuliwa kwenye ya kweli, kwa hiyo makali hupotea na vitundu vidogo hubaki. Nikachukua lenzi ya mwanangu ya kusomea. Vitundu vilikuwepo, vitatu karibu na taji.

Nishani zote nne walikuwa wamezibandika kwa gundi kwenye kadibodi. Wakati nachukua fremu nilidhani ndiyo ufundi wenyewe. Nikaibandua ile nyota kwa kisu cha jikoni, nikaigeuza. Mgongo laini kabisa.

Babu aliandika S kwa msumari nyuma ya nyota yake, kwenye ncha ya chini, mkia wa S umekatika kwa sababu msumari uliteleza. Alitusimulia mwenyewe: zilikuwa zinafanana zote kambini, kila mtu akaweka alama yake. Nimeishika alama ile tangu nina miaka sita.

Hapa ndipo penye mwanya wa wezi. Nishani za vita vya kwanza Waingereza waliziandika ukingoni namba na jina la askari, hata za Keya. Za vita vya pili walizowapa askari wao na Keya wetu ziliachwa tupu. Ikishatoka mkononi mwako, nyota ya babu yako ni nyota ya yeyote aliyeishika.

Nilirudi dukani. Mwenyewe akaniambia, "Mama, vitu vya kale vikisafishwa hubadilika." Nikamuuliza, mwanangu, alama ya msumari nayo husafishika? Akanyamaza, kisha akataka kunirudishia 85,000 zangu. Sikuzipokea. Risiti yao inasema "medali 4", basi. Haina uzito, haina picha, haina maelezo, na kosa hilo ni langu pia kwa kuikubali.

Nilipitia kwa sonara mmoja wa Mtaa wa Indira Gandhi, mzee mwenye subira sana, akazipima zote nne kwenye mizani yake na hakunidai hata mia. Tatu akasema zinaonekana sawa. Yeye ndiye aliyenipa sumaku yake ndogo nikaijaribu kule dukani. Kabatini wanauza Msalaba wa Chuma wa 1914, nishani ya Wajerumani, eti wa askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wao huku kwetu vita vya kwanza, shilingi 450,000. Ule wa kweli una kiini cha chuma ndani ya fremu ya fedha, lazima unase. Sumaku ilianguka. Pembeni yake kuna rupia 15 ya Tabora ya 1916, sarafu ya Wajerumani ile yenye tembo, wanaiita dhahabu na kuiuza 300,000. Sarafu hiyo ina gramu 7 na kitu, robo tatu yake dhahabu tupu. Dhahabu peke yake inazidi bei hiyo, sasa nani atauza hasara?

Polisi nimepewa RB, namba ya taarifa yangu. Afande alinisikiliza vizuri, akaomba picha ya nyota kabla haijapelekwa, na sina, ila moja ya babu akiwa ameivaa kifuani, nayo inaonekana nukta tu.

Alama ninayolipa duka ni moja kati ya tano, nayo ni ya fundi wa fremu. Ukikuta popote, iwe Dar, Nairobi au mtandaoni, Nyota ya Burma yenye S nyuma, ncha ya chini, mkia umekatika, mwambie anayeiuza kwamba ina mwenyewe, yupo Magomeni.